Watoto Walikuwa Wanne

Huku kwetu mtu hazikwi bila wasifu, na wasifu hauandikwi bila mimi, Mwalimu Sefania. Msinune, ni kweli tupu. Tangu nistaafu, miaka kumi na minne sasa, nimewaandikia marehemu mia na ushei, Walutheri karibu wote, na Wakatoliki kadhaa wa upande wa Rangwi waliokosa mtu wa maana. Hata majirani zangu Waislamu huja niwaandikie barua za posa, maana wanajua kalamu yangu haiwatii watu aibu.

Kuandika wasifu si kuandika ukweli. Anayetaka ukweli amwulize daktari. Wasifu unaandikwa kwa ajili ya watu waliokaa kwenye mabenchi, na kila benchi lina njaa yake. Kina mama wazee wanataka kusikia marehemu alikata roho kwa amani akiwa amemwita Bwana, hata kama alikufa anatukana. Wanakwaya wanataka mwaka wa kipaimara. Wageni wa Dar wanataka umalize upesi kwa sababu baridi inawauma na magari yao yamepaki matopeni. Mlevi mmoja wa hapa alimvunja mkewe mkono mara mbili. Nikaandika, "Alikuwa mtu wa msimamo katika nyumba yake." Mjane mwenyewe alilia na ule mkono uliopinda, akaja kunishukuru. Nani mwingine angeweza hivyo?

Lakini mstari wanaousubiri wote ni wa mwisho: ameacha mjane, watoto kadhaa, wajukuu kadhaa. Hiyo idadi, jamani, ndiyo hukumu. Ikishasomwa mbele ya mchungaji na ukoo, imekwisha. Baada ya miaka mitano ukitokea ugomvi wa nyumba, au binti akiposwa na watu wakauliza ni wa nani, wazee hawaendi ofisini Lushoto kutafuta faili. Wanaulizana tu, siku ya mazishi walisomwa wangapi? Aliyesomwa yumo. Asiyesomwa apige kelele mpaka koo likauke.

Sasa watu wanasema nilimzika Dotto akiwa hai. Wanasema pembeni, nikipita wananyamaza. Basi nitasema mwenyewe, na nitasema yote, tuone nani atabaki na la kuongeza.

Mzee Kristian alikuwa mpimaji wa mbao kule Shume, mtu mrefu, mkali, rafiki yangu. Kwa mkewe wa ndoa alizaa wanne: Valentino, ambaye ni mtu mzito huko Dar, kisha Glory, na wadogo zao wawili ambao hata wakipita sokoni siwajui vizuri. Kule Shume alizaa binti na mwanamke mmoja, Yunis, aliyekuwa akiwapikia wapasua mbao. Huyo ndiye mama wa Dotto. Shuleni Dotto aliandikishwa kwa jina la mjomba wake, Dotto Mussa, maana Kristian wakati huo alikuwa mzee wa kanisa na alijifanya haoni. Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Ndivyo tunavyoishi.

Kisha Kristian akapigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa. Mkewe alimuuguza miezi miwili, halafu presha yake ikapanda, Valentino akaja kumchukua akatibiwe Dar. Alitibiwa miaka sita. Hakurudi hata kuchuma njegere. Watoto walituma salamu na nepi za wagonjwa kwa basi.

Aliyekuja ni Dotto. Alishuka kutoka Shume na begi moja, akaingia ndani, akaanza kufua. Miaka sita alimgeuza yule mzee kitandani kama mtu anavyogeuza mbao zisioze upande mmoja. Alimlisha uji kwa kijiko, alimnyoa, alimtoa nje jua likiwaka. Mzee alipomtukana, na alikuwa na matusi, Dotto alicheka tu. "Baba leo ana nguvu," alikuwa akisema. Nilipokwenda kuwasalimu nilimkuta mzee msafi kuliko mimi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mzee akaniita. Ulimi ulikuwa umepinda, Kiswahili kikimtoka vibaya, akaniambia kwa Kishambaa niandike wasifu wake angali anasikia. "Nisije nikaandikwa na Valentino," akasema. Nikaandika kwenye karatasi mbili. Tulipofika kwenye watoto akanyanyua mkono wake mzima, akaonyesha vidole vyote vitano.

Nikaandika, kisha nikamsomea kwa sauti: "Ameacha mjane na watoto watano, ambao ni Valentino, Glory, Silvano, Scholastica na Dotto." Wakati huo Dotto alikuwa ameingia na chai ya tangawizi. Aliweka sinia chini, palepale mlangoni, akatoka bila kumimina. Nikamsikia jikoni anapenga kamasi kwa muda mrefu. Mzee akaweka dole gumba la kushoto chini ya karatasi, akaniambia, "Usome hiyohiyo, Sefania." Nikamwambia nitaisoma.

Akafa mwezi wa saba, Jumatano, wakati wa ukungu ule usioondoka hata saa sita. Alhamisi mchana watoto wakawa wamefika na mama yao, magari matatu na jeneza zuri. Kabla ya magari kuzimwa Glory alikuwa ameshahamisha vitu vya Dotto kutoka chumba cha ndani, akaviweka jiko la nje. "Wageni watalala wapi, dada?" akamwambia. Dotto akasema sawa, akaenda kuosha masufuria.

Valentino aliniita garini mwake. Alikuwa amewasha joto ndani, redio chini chini, amevaa koti la gharama. Akanisalimu vizuri, shikamoo Mwalimu, pole kwa kumpoteza rafiki. Akaniambia kutakuwa na wakubwa kutoka Dar na kutoka Tanga, kwamba wasifu utachapwa kwenye kijitabu cha rangi chenye picha ya marehemu, na nyuma kutaandikwa: "Umeandaliwa na Mwalimu Sefania." Akasema watu wa mjini hawajui kuandika tena, wanachukua kwenye simu, wewe ndiye uliyebaki. Haya, kilemba cha ukoka nikakivaa chote. Nilitabasamu kama bibi harusi, mzee wa miaka sabini na mbili.

Kisha akauliza, "Eti kuna karatasi baba alikuandikisha?"

Ningeweza kusema hakuna, au kwamba nimeisahau nyumbani. Ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikaitoa nikampa. Akasoma, akasoma tena pale chini penye dole gumba, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Mama ana presha," akasema. "Akisikia hili kanisani tutazika wawili. Unataka tuzike wawili, Mwalimu?"

"La hasha."

"Huyo Dotto hatumtupi. Tutamshukuru. Tafuta maneno mazuri."

Hakusema zaidi ya hapo, na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Valentino alitaka shukrani tu. Lile neno nililiongeza mimi.

Nilikaa mezani kwangu jioni ileile na chai yangu. Wanne nikawaandika bila kutetemeka. Nikaandika, "Familia inamshukuru Dotto." Nikaitazama sentensi. Ina kasoro, nikajisemea. Wageni watageukiana, Dotto ni nani? Mmoja wa Shume atamnong'oneza mwenzake, na minong'ono ikianza kanisani imeharibu kazi yote. Msikilizaji usimwachie swali. Hivyo nilifundisha darasa la saba miaka thelathini. Nikaandika upya: "Kwa namna ya pekee, familia inamshukuru dada Dotto, mfanyakazi wa nyumbani, aliyemhudumia marehemu kwa uaminifu kwa miaka sita." Nikaisoma kwa sauti. Iliteleza vizuri. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nililala usingizi wa mtoto mchanga.

Ijumaa asubuhi Dotto akaja kwangu, masizi mpaka kwenye viwiko. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mwalimu, kesho utasoma ile ya baba?"

"Nitasoma inayofaa."

"Inayomfaa nani?"

Nikakasirika. Sipendi kuulizwa maswali na mtu mwenye masizi. Nikamwambia wasifu si wa marehemu, ni wa wanaosikiliza, kuna wageni, kuna mjane, kuna mchungaji, kila neno lina mahali pake. Nilimfokea kama mwanafunzi aliyechelewa. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na mimi nitakuwa nasikiliza," akasema.

Nikamwambia, "Jina lako limo."

Uso wake ulibadilika, jamani. Yule mwanamke hana uzuri wowote, ana meno yaliyoachana na ngozi iliyopigwa na baridi ya Shume, lakini wakati ule hata mimi nilimwona mzuri. "Limo?" akauliza. "Limo," nikamwambia, "umelisikia kwangu." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniachia masizi. Akasema nyumba hataki, shamba hataki, Valentino achukue hata sufuria, yeye anataka tu siku moja asikie anaitwa mtoto wa mtu mbele ya watu, basi, arudi zake Shume akiwa na kwao. Akaniomba ruhusa aende Lushoto mara moja, akanunue kitambaa cheusi cha kichwani kama watakavyovaa watoto wenzake.

"Nenda," nikamwambia. "Uwahi kurudi."

Sikumdanganya. Mkirudia maneno yangu yote ya siku ile hamtaona uongo hata mmoja. Ndivyo nilivyojiambia nikiosha mkono.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto walikuwa benchi la kwanza, wamevaa nyeusi, mama yao katikati anapepewa kwa kijitabu cha rangi. Vijitabu viliishia kwa wageni, wenyeji hawakupata. Dotto aliingia wa mwisho kwa sababu ya wali wa watu mia nne. Alikuwa na kitambaa kipya cheusi, bado kina mikunjo ya dukani. Alikwenda akakaa mwisho wa benchi la kwanza, kando ya Scholastica, kwenye nafasi ndogo ya nusu mtu. Scholastica akavuta mkoba wake karibu.

Nikasoma. Nilisoma vizuri, acheni niseme. Kuzaliwa, ubatizo, kazi ya mbao, ndoa takatifu. Kwenye ugonjwa nikashusha sauti, kina mama wakaguna. Nikafika.

"Ameacha mjane na watoto wanne, ambao ni Valentino, Glory, Silvano na Scholastica, na wajukuu tisa."

Sikutaka kumtazama Dotto, nikamtazama. Alikuwa ameinua kichwa, midomo inahesabu. Bado alikuwa anangoja. Alidhani limechelewa tu, liko njiani. Nikaendelea na ile sentensi yangu tamu, dada Dotto, mfanyakazi wa nyumbani, kwa uaminifu, kwa miaka sita, na watu wakapiga makofi. Makofi kanisani, kwenye mazishi! Mwongoza ratiba, mtu wa Dar asiyejua lolote, akadaka kipaza sauti: "Dada Dotto yuko wapi? Simama dada, watu wakuone! Wasichana wa kazi kama hawa siku hizi hawapatikani!" Watu wakacheka kidogo kwa huruma, makofi yakazidi.

Dotto akasimama.

Akasubiri makofi yaishe. Akasema, si kwa ukali, "Mwalimu, soma karatasi yenye dole gumba la baba."

Mchungaji akanitazama juu ya miwani. Valentino hakugeuka, aliweka tu mkono kifuani juu ya koti, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Karatasi ilikuwa pale, hatua sita kutoka nilipo. Neno moja langu lingetosha. Watu wangeniamini, kwa miaka kumi na minne sikusoma lolote wakalikataa.

"Karatasi gani, binti yangu?" nikasema.

Na nilisema kwa upole, ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, maana nilijua kanisa zima likisikia upole huo litamwona yeye ndiye amechanganyikiwa. Likamwona. Nilisikia "masikini" kutoka benchi hadi benchi. Glory akainuka akamkumbatia mabegani, akawaambia watu, "Ni uchungu jamani, alimzoea sana baba," akamtoa nje kwa mlango wa pembeni. Kwaya ikaanza kuimba.

Kaburini waliitwa kwa makundi kuweka mashada, na orodha ilikuwa ya kwangu. Mjane. Watoto. Wajukuu. Ndugu. Wageni. Mwisho kabisa majirani na wafanyakazi. Mtu alikimbia kumwita Dotto kwenye masufuria, akaja na mikono imelowa, akaweka ua moja la plastiki lililobaki, akarudi kupakua. Mjane alipomaliza kula alimpa Dotto sahani chafu. Hakumtazama. Nami nilikula nyama siku ile, nilipewa ya mfupa, na watu watatu kutoka Tanga wakaomba namba yangu ya simu.

Jumatatu nyumba ikatiwa kufuli mbili. Dotto akapelekwa na begi lake kwa jirani, asubiri uamuzi wa ukoo. Ukoo ulikaa, Amiri fundi seremala, jirani yetu, akathubutu kusema yule si mfanyakazi bwana, tunajua wote. Wazee wakamjibu, walisomwa wangapi? Wanne. Basi.

Zikapita wiki tatu. Nikamwona anakuja na njia ya bonde, nikatamani kujifungia ndani. Nilifikiri anakuja kunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilihitaji hata nitukanwe. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani, Dotto."

"Nitasimama hapahapa, nina gari la saa saba kushuka Mombo. Mwalimu, ule wasifu ulifika Dar. Kuna mama rafiki wa Glory amekisoma kile kijitabu, ana baba yake amepooza. Anataka mtu. Amesema wewe uliyeandika uniandikie barua ya utambulisho, kwamba mimi ni mfanyakazi mwaminifu."

Roho iliniuma nikakaa chini. Nikamwambia asubiri, kwanza anisikilize. Nikamwambia Jumapili nitasimama kanisani, nitaomba nafasi kwa mchungaji, nitasema yote, karatasi, dole gumba, koti la Valentino. Nilikuwa nalia, mzee mzima, kamasi zinanitoka. Nikasema nitawaambia watu wote.

"Watu gani, Mwalimu?" akauliza. "Waliokuwa wanasikiliza wameshaondoka. Hawa wa hapa walikuwa wanajua tangu zamani."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alikuwa anaangalia jua, asichelewe gari.

Nikachukua kalamu. Nikaandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, uaminifu, usafi, uvumilivu, na safari hii kila neno lilikuwa kweli. Juu, penye jina, mkono wangu uliandika Dotto Kristian. Niliandika kwa herufi kubwa. Nilidhani nampa kitu. Nikamkabidhi nikimtazama usoni, nikisubiri lile tabasamu la Ijumaa ile.

Akasoma. Akaweka kidole juu ya jina. Kisha akanirudishia.

"Kitambulisho changu kinasema Dotto Mussa," akasema. "Yule mama akiona majina mawili atadhani mimi mwizi. Andika upya, Mwalimu, tafadhali, gari litaniacha."

Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika Dotto Mussa.